Nusu ya Mnunuzi

Simu ya dalali ilinipata katika chumba cha walimu, wakati wa chai ya saa nne, mdomo umejaa mandazi.

"Mwalimu, ile ploti ya Ruiri imepatikana. Ni eighth ya eka, title iko clean, na mwenyewe anataka kuuza haraka."

Nilipiga kelele hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini mbio akidhani mtoto ameumia. Nikamkumbatia, jambo ambalo sikuwahi kufanya na sitarudia.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kutulia. Nikifurahi, majirani wote wa ploti tunayopanga huko Dallas, mjini Embu, hujua. Lakini siku hiyo nilikuwa na haki. Ardhi yenyewe nilikuwa nikimtafutia Mama. Mama anaishi Ruiri, kwenye kipande alichoonyeshwa na shemeji yake, Baba alipofariki, na kwa miaka arobaini amekumbushwa, mara kwa upole na mara bila upole, kwamba hapo si pake. Choo chake kimehamishwa mara mbili kwa sababu mpaka "umesogea". Nilitaka aweke kitanda mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia asogee, tena kabla miguu yake haijamgomea. Nilikuwa nimeshapata mkopo wa sacco. Kilichobaki kilikuwa ardhi.

Dalali alinipa masharti matatu. Siku ya kwenda kuona, nivae vibaya, ili muuzaji asidhani nina pesa. Nisiongee na muuzaji, bei itapitia kwake yeye dalali. Na ada yake, asilimia tano ya bei, ni juu yangu.

"Buyer ndiye hulipa broker," alisema. "Seller halipi kitu. Hivyo ndivyo hufanywa."

Sikuuliza swali hata moja, na somo ninalofundisha ni hesabu, mniwie radhi. Nimekuwa mpangaji kwa miaka kumi na minne. Mpangaji hulipa ili aonyeshwe nyumba, akaipenda akamlipa ajenti, kisha akalipa deposit, na mwenye nyumba kazi yake ni kupokea. Nilidhani dunia nzima imepangwa hivyo. Ada ile ingemeza pesa zote za mabati ya nyumba, lakini nikasema sawa, Mama atalala chini ya turubai kwanza, mradi turubai liwe lake.

Jumamosi tukafika Ruiri. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, na mimi nilikuwa nimevaa gamboti zilizotoboka na sweta ya kukamulia ng'ombe niliyoazima. Muuzaji alikuwa amesimama katikati ya shamba lililolimwa, amevaa suti ya kanisani na viatu vya kisigino kirefu, anazama taratibu. Alikuwa mama wa makamo, mjane, muuza miraa wa Kangeta. Ploti hiyo aliachiwa na mumewe, na alitaka kuiuza ili ajenge duka pale sokoni. Nikamwangalia nikasema moyoni, huyu ana pesa zake, hatapunguza hata shilingi.

Dalali akaanza kazi. Alimnong'oneza yule mama, akatembea hatua kama kumi na tano, akaninong'oneza mimi, akarudi tena. Safari ya nne bei ilikuwa imeshuka hadi pale nilipoweza. Nilitaka kuruka juu. Nikajizuia kwa sababu ya zile gamboti.

Ndipo Mama akatokea.

Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amesikia, sijui kutoka kwa nani, akaja na fimbo yake akikata katikati ya mabua ya mahindi. Naye hakuwa amepewa masharti. Alinipita mimi, akampita dalali, akaenda moja kwa moja kwa muuzaji. "Muga," akamsalimu, kisha akamuuliza kile ambacho Mmeru wa umri wake humuuliza mtu hata kabla ya jina: umezaliwa ukoo gani, na umeolewa ukoo gani?

Dalali ni mtu wa Embu. Alitabasamu tu, akidhani ni salamu za wazee.

Yule mama akataja ukoo aliozaliwa. Mama akapiga fimbo chini. "Basi mimi na wewe ni gichiaro!"

Zamani, mababu wa ukoo wao na wa ukoo wetu walikula kiapo cha damu. Tangu hapo, mtu wa upande huu hawezi kumdanganya wa upande ule, wala hawezi kumnyima anachoomba. Hiyo ndiyo gichiaro. Watu wa makanisa tunasema mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini sijaona mtu akiyajaribu. Uso wa muuzaji ulibadilika. Alirudi nyuma hatua moja, kiatu kikabaki udongoni. Alijua, na mimi nilijua, kwamba Mama akifungua mdomo aombe hiyo ploti, yeye atarudi Kangeta mikono mitupu au atarudi na laana.

Nitakiri: nilifurahi mno.

"Mama, omba!" nikasema kwa Kimeru, bila aibu. "Omba hata nusu ya bei!"

Mama alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na miaka saba nikakamatwa na nyama ya wageni mdomoni. Kisha akamgeukia yule mama. "Sikuombi kitu, mwanangu. Niambie ukweli tu. Huyu kijana unamlipa nini?"

Muuzaji akashusha pumzi. "Asilimia tano. Ameniambia muuzaji ndiye hulipa, mnunuzi halipi chochote."

"Ati nini?" Sauti yangu nadhani ilifika Meru mjini. "Si hiyo tano ndiyo ananidai mimi?"

"Madam, tulia kwanza," dalali akasema, akirudi nyuma. "Mimi nimefanya job mbili. Huyu nimemtafutia buyer, wewe nimekutafutia ploti. Kila mtu analipia yake."

"Na mbona ulituficha?" nikauliza.

"Na hivi viatu?" muuzaji akadakia, akichomoa kile kilichobaki udongoni. "Si uliniambia nivae hivi ndio nisikae kama mtu ako na shida?"

Tukatazamana, mimi na gamboti zangu, yeye na suti yake, tukaangua kicheko hadi nikashika mbavu. Dalali hakucheka. Alitoa simu.

"Sawa. Kuna mtu wa Nairobi anaitaka hii ploti, ako na cash, na anaongeza pesa. Nimpigie?"

Kicheko kiliniishia. Muuzaji aliitazama simu, akamtazama Mama. Pesa zaidi kwake zilikuwa duka kubwa zaidi, na hakuna ambaye angemlaumu. Nikavuta leso ya Mama. Neno moja tu lingetosha, na alikuwa na haki nalo.

Mama akaitoa leso mkononi mwangu. "Miaka arobaini nimekaa kwenye kitu cha kupewa," akasema polepole. "Hiki kinunuliwe."

Yule mama alisikia. Akamwambia dalali, "Weka simu mfukoni. Mimi nimeshauza."

Mimi nilitaka dalali aende bila kitu. Mama akakataa. Kijana ametembea, akasema, ameenda mpaka ofisi ya ardhi kuhakikisha hati, lazima alipwe. Lakini kazi ni moja na ada ni moja: nusu muuzaji, nusu mnunuzi. Muuzaji akakubali papo hapo. Dalali alitazama mawingu, akapiga hesabu, akakuna kichwa.

"Sawa, Shosho," akasema, akimwita Mama kama amwitavyo bibi yake. "Lakini mumeniumiza."

Nikafungua mkoba. Mama akanishika mkono. Akafungua fundo la leso yake, na ndani mlikuwa na pesa za kondoo wawili aliouza wiki hiyo bila kuniambia.

"Bei ulipe wewe, mkopo ni wako," akasema. "Nusu ya mnunuzi ni yangu."

Nilimwambia ada hulipwa tukishatia sahihi kwa wakili. Akasema wakili na angoje, yeye analipa leo, na anataka risiti. Dalali akatoa kitabu chake, akakiweka juu ya paja.

"Niandike jina la nani, Shosho?"

Mama, ambaye maisha yake yote ameitwa mke wa fulani na mama wa fulani, alitaja majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kijana akaandika. Mama hajui kusoma, akamwambia amsomee. Akamsomea.

"Na hapo juu ya jina umeandika nini?"

"Hapo juu nimeandika 'mnunuzi'."

"Soma tena," Mama akasema.