Hatua Elfu Sita za Lindsay Hocking

Kwa miaka thelathini ya uuguzi, Raelene Pascoe hakuwahi kuomba mkaguzi akose la kuuliza, mpaka Jumanne ile. Marika Kovac wa mamlaka ya dawa alikuwa ametoka Canberra hadi kliniki ya Ballarat kwa jambo moja tu: saa za mkononi walizovishwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukwama mwendo, kwenye jaribio la dawa mpya zinapima kweli kutembea? Maana ushahidi wote wa dawa hiyo ulikuwa ndani ya saa hizo.

"Huyu Hocking," Marika alisema, kidole kwenye skrini. "Kutoka hatua elfu mbili kwa siku mpaka elfu sita. Na wenzake wanne vilevile. Asubuhi wanafanya nini hawa?"

Watu hao watano Raelene aliwaandikisha mwenyewe, kutoka karakana ya wazee, wanakokutana wastaafu kunywa chai, kutaniana na kuchonga mbao. Tangu Septemba walikuwa wakipiga msasa farasi wa kuchezea, zawadi za Krismasi za watoto. Mkono mbele, mkono nyuma, asubuhi nzima. Wiki iliyopita, alipowapelekea keki, aliiona saa ya Lindsay ikiongeza hatua mia tatu na mwenyewe hajabandua makalio kitini. Akanyamaza. Akisema, jaribio litasimamishwa na Lindsay atanyang'anywa dawa anayoiita uhai wake. Asiposema, dawa itapitishwa kwa hatua za uongo, wagonjwa maelfu waimeze bure.

"Wanapiga msasa," Raelene alisema. "Wamekaa. Nilijua tangu wiki jana."

Marika hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. "Si yupo hapo nje? Mwite. Atembee bila saa."

Lindsay aliingia akitabasamu. Alikuwa na miaka sabini na minne, na mingi kati ya hiyo aliimaliza akikata manyoya ya kondoo.

"Mkitaka kuniangalia mwendo, akina dada, semeni tu. Msinichome sindano kwanza."

Raelene alimvua saa, wakatoka naye koridoni. Kabla ya kuanza dawa, korido ile ilimchukua sekunde arobaini na moja. Lindsay alianza kwa hatua fupifupi, akakwama penye mlango, akajivuta tena, na Raelene akajikuta akimsukuma kwa macho. Mzee aligusa ukuta wa mwisho. Sekunde arobaini na mbili.

"Haya, niambie," Lindsay alisema akihema, uso umejaa fahari. "Nimemwahidi mke wangu Beryl tutacheza dansi kwenye harusi ya mjukuu."

Raelene alimketisha, akaushika mkono wake unaotetemeka, akamtajia idadi zote mbili za sekunde, ya mwanzo na ya leo.

"Sasa zile elfu sita zilikuwa za nani?"

"Za mkono, Lindsay. Za msasa. Nilijua, nikakuficha."

Lindsay aliutazama mkono wake ndani ya ule wa Raelene, kisha akauchomoa taratibu.