Mpangusa Sanamu

Mzee anayepangusa sanamu katika bustani ya jumba la sanaa, hapa Kampala, huanzia puani. Hukitemea kitambaa mate, hufumba jicho bovu, kisha husugua akiimba wimbo wa gwaride. Kwa zile za kisasa zisizo na pua, hukisia ingekuwa wapi. Mwezi jana alimkuta kapteni wa jeshi amesimama kati ya sanamu akiwaza, akamsugua pua mara mbili kabla ya kuhisi joto. Kapteni alishika bastola, akapiga chafya, akaenda zake. Tangu hapo mzee huipigia kila sanamu saluti. "Afande, naomba ruhusa napangusa wewe." Hakuna iliyojibu mpaka leo, na siku hizi mkubwa haguswi bila amri. Nyigu wameshajenga puani.