Dirisha la Jirani Mbele ya Korti

Nilipoolewa mtaani Kuze, mahali pekee ambapo mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliliona jua ni uani. Pale alipika, alianika nywele, aliwasema watu. Kisha jirani akaongeza ghorofa, akafungua dirisha lililotazama moja kwa moja kwetu.

Zamani kesi kama hiyo ilimalizwa na kahawa. Wazee wa mtaa wangeketi barazani kwa jirani, wangeuliza hali ya kila mtu wa nyumba ile hadi paka, na kabla hawajaaga mwenye dirisha angekuwa ameona aibu mwenyewe. Lakini serikali ilikuwa imeshawatengeneza wazee wetu. Sasa walikalia viti kortini, ubavuni mwa hakimu Mzungu, wakiambiwa kwamba aibu si ushahidi. Ushahidi ni mtu aliyeona kwa macho yake.

Mume wangu akashtaki, akazunguka mtaa mzima kutafuta shahidi. Kila mwanamume alikubali kwamba dirisha lile ni balaa, ila hakuna aliyekuwa tayari kuapa kwamba amesimama pale akatuona. Na angepatikana wa kuapa, mume wangu angempiga kwanza.

"Basi nitakwenda mimi," mavyaa akasema. "Si mimi nionwaye?"

"Mama, utoke nyumbani usimame nde, mbele ya wanaume wote wale?" mume wangu akamaka.

Mavyaa akarudi kwenye chungu chake.

Korti ikatuonea huruma, ikaamua kuja kujionea yenyewe. Hakimu na wazee wawili wakapanda kwa jirani. Wazee, kwa adabu zao, wakakohoa ngazini ili wanawake tupate kujisitiri. Nasi tukafanya tulivyolelewa: tukaepua chungu, tukaingia ndani, tukafunga mlango. Hukumu ikasema kwamba korti ilisimama dirishani muda wa kutosha na haikuona mwanamke hata mmoja. Waliokohoa ndio waliokubaliana nayo.

Jirani alituletea halua kuonyesha hana kinyongo. Mavyaa aliila, akasema ni nzuri, na tangu hapo akapika chumbani, moshi ukimtoa machozi. Nilimchukia jirani yule kwa moyo wangu wote.

Mavyaa hakukaa uani tena. Alipofariki, tulimtoa tukamwosha pale, tukizungushia shuka. Nilipoinua macho, jirani alikuwa amelifunga dirisha, wala hakuna aliyemwambia.