Kondo Lililorudi Mtopanga

Wifi yangu alihudhuria kliniki kwa muda wote wa ujauzito wake, lakini uchungu ulipomshika asubuhi ile alikaa kitandani akakataa kuvaa viatu vya kwenda hospitali. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa hospitalini. Alivuja damu nusura tumpoteze, mtoto hakuishi, na kondo la nyuma halikurudishwa nyumbani. Kwa mamangu, aliyekulia mashambani, ndani ya Pwani mbali na bahari, mtoto ambaye kondo lake halikuzikwa uani kwao hana pa kujishikiza. Mimi niliogopa damu. Nasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu wanawake wanaokwenda kliniki kisha wakazalia nyumbani. Nilijua kwamba damu ile ikimwagika tena humu Mtopanga, huenda tusiwahi kumwokoa.

Nilikuwa nimezipanga hoja zangu. Sikufika ya pili.

"Unasomea matumbo ya wenzio," mama alisema. "Lako li wapi?"

Hata wifi alicheka, huku ameuma kanga. Kisha akanishika mkono. "Nitakwenda, wifi. Ila kondo langu lirudi hapa. Niahidi."

Nikaahidi, ingawa sikujua kama inaruhusiwa. Ndani ya tuktuk nilitunga ombi rasmi, nikalifuta, nikalitunga upya. Hospitalini, mkunga alinisikiliza mpaka katikati ya sentensi.

"Ndoo yenu iko wapi? Yenye kifuniko."

Hatukuwa nayo. Nikakimbilia dukani.

Mtoto alikuwa wa kike, na alilia kabla hajamaliza kutoka. Kondo likafuata, na baada yake damu, nyingi, isiyokoma. Huku muuguzi mwingine akimdunga wifi sindano, mkunga alilitandaza kondo kwenye sinia. Neno hilo nimeliandika mara nyingi mno. Kitu chenyewe sikuwahi kukiona. Kilikuwa chekundu cha kuiva, kinang'aa, mishipa yake ikitawanyika kutoka penye kitovu kama matawi. Mkunga alipitisha kidole ukingoni, polepole, hadi kikasimama penye pengo.

"Halijatimia," alisema.

Aliingiza mkono. Wifi alipiga ukelele ambao bado nausikia. Kipande kikatoka, kidogo, chatosha kiganjani, na damu ikapungua, kisha ikatulia. Mkunga alikitia ndani ya ndoo pamoja na kondo. "Na hiki ni chenu."

Nilipofika nyumbani na ndoo, mama alikuwa amekwisha kuchimba shimo nyuma ya jiko.

"Wazima?"

"Wazima, mama. Wote wawili."

Akafunua kifuniko, akapiga magoti, akalitandaza kondo juu ya jani la mgomba. Kidole chake kikatembea ukingoni, polepole, mpaka kikasimama palepale.

"Halijatimia," alisema, na uso wake ukabadilika.

Nilimwonyesha tu ndani ya ndoo. Alikitoa kipande kile, akakigeuza, akakipachika penye pengo lake. Kilienea sawasawa. Nimejaribu kulieleza jambo hili kwa lugha ya taaluma yangu, na kila mara nimeishia kwenye mikono ile miwili, wa mkunga na wa mama.

Alifukia, akaukanyaga udongo, akanawa. Kisha mamangu, ambaye tangu msiba ule hakutaka hata kupita mbele ya lango la hospitali, akajifunga kanga safi.

"Haya, nipeleke kwa mjukuu wangu."