Jua Lilipowazamia Wengine

Enzi zetu kule Nambambo, Nachingwea, dunia tuliiona mara moja tu, imebandikwa ubaoni kwa ugali. Ilikuwa picha ya kalenda aliyoileta mwalimu wa jiografia, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi: duara la buluu lililopigwa kutoka angani, nusu mchana, nusu usiku.

"Sisi tuko hapa," akasema, akaweka nukta ya kalamu. Nukta ikafunika mkoa mzima wa Lindi.

Hashimu, tuliyekaa naye dawati moja, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona bati la shule halionekani?"

Mwalimu akaigeukia picha. Akaendelea kutueleza kwamba usiku hauingii duniani kote kwa pamoja. "Hivi mnavyonisikiliza, huko mashariki kuna watu wanawasha taa."

Mimi niliondoka na hilo tu. Ilikuwa Ramadhani, na mama alikuwa ameniahidi kwamba nikifunga siku kumi mfululizo, Idi tutakwenda wote Chunyu, wilayani Ruangwa, kwa bibi, ambako paja la kuku mtoto alipewa zima. Nilikuwa nimefikisha siku tisa na nusu. Alasiri, nyuma ya ghala, nikaifungua ya kumi kwa tango. Tabu ya tango, halitafuniki kimyakimya.

"We, jua hulioni?" mama akauliza.

"Mama, kuna watu limeshawazamia. Mwalimu katuonyesha, na picha ipo."

Akanitazama, akalitazama tango. "Haya. Kalale kwao, mwanangu. Na Idi ukale kwao."

Chunyu akaenda dada yangu. Mimi nilibaki kufukuza nyani kwenye karanga.

Vijana wa leo dunia wanayo mfukoni. Mpwa wangu, pale Nachingwea mjini, huizungusha kwenye simu kwa kidole, giza linatambaa, naye hata haulizi bati. Anafuturu kwa adhana ya Dar es Salaam iliyomo humohumo kwenye simu, jua la kwetu likiwa bado juu ya mikorosho. Kisha anajipiga picha na tende. Hakuna anayempeleka kwenye nyani.

Mimi tangu nimalize kidato cha nne sijatulia: Songea, Tabora, sasa Kigoma. Huku magharibi jua huchelewa kuzama. Jioni za Ramadhani hukaa na tende mkononi, nikijua Nambambo giza limeshaingia na mama ameshafungua, peke yake jamvini. Ningeweza kufungua pamoja naye. Nasubiri. Sasa ambao jua limeshawazamia ni wa kwetu; mimi ndiye nimelala kwa wengine, mwaka wa ishirini huu.