Bibi arusi wa Katanika

Leo sokoni nimejikuta nimeoa.

Tangu nianze dawa za moyo, matiti yameniota. Yanauma nikitembea, na shati haliyafichi tena. Basi asubuhi nilitoka kambi yetu ya wakimbizi, Katanika, nikashuka Kalemie, kwenye mitumba, kutafuta sidiria.

"Ni ya mke wangu," nilimwambia muuzaji.

"Mama iko na kifua kikubwa ama kidogo, Papa?"

Nikajishika kifua changu. "Namna hii."

(Ndiyo. Mzee mzima.)

Muuzaji hakucheka. Aliyenimaliza alikuwa nyuma yangu: Mama Ngoy, tuliyekimbia naye vita kutoka Ankoro. Ndiye aliyemwosha marehemu mke wangu.

"Papa! Umeoa, na haukutuambia?"

Akapiga vigelegele. Soko zima likageuka.

Nikaitikia kwa kichwa, maana ukweli ulinitia haya zaidi ya uongo.

Sasa akina mama wa kambi wako mlangoni na unga na samaki wadogo wa ndagala. Wanaimba. Wanataka kumwona bibi arusi.

Humu ndani niko peke yangu. Sidiria nimeivaa, imenikaa sawasawa, na kifua hakiumi.

Niambieni upesi: niivue kabla ya kuwafungulia, ama niwafungulie hivihivi?