Maiti Wanaoruka na Kizingiti cha Nyumba Yetu

Kazi yangu ya ujanani ilikuwa kusema. Kulima nililima kidogo, ingawa hapa Sindeni asiyelima haonekani mtu. Muda mwingi nilikaa Korogwe, kwenye kibanda cha video nyuma ya soko, nimeshika maiki, nawaeleza watu Mchina anasema nini. Kichina sikijui. Yale maandishi ya chini ya kioo nayo sikuyaweza, shule niliacha darasa la tatu. Niliangalia midomo na mikono yao, nikasema.

Mikanda ya ngumi tupu ilileta watu, lakini ile ya ngumi na mizuka ndiyo iliyojaza kibanda mpaka mabanzi ya ukuta yakalia. Kama hukuiona nikueleze. Maiti wamevaa makanzu ya zamani, uso mweupe, mikono wameinyoosha mbele. Hawatembei, wanaruka kwa miguu miwili, kama watoto kwenye mbio za magunia. Kuna mganga wa kofia nyeusi anayewabandika karatasi ya njano kwenye paji la uso, wakatulia. Karatasi ikipeperuka, hapo ndipo ngumi zinapoanza, mganga anapigana na maiti, naye steringi, shujaa wa mkanda, anapigana na maiti na adui pamoja.

Wafugaji walikuja na fimbo zao. Mmoja alisimama akaniambia, "Wewe msemaji, mwambie huyo mganga ampige fimbo ya ugoko!"

"Ugoko wa maiti utauma nini?" akajibiwa huko nyuma. "Kaa chini, shuka lako limeziba kioo."

Tena kuna mahali steringi anabana pumzi, maana maiti wale hawaoni, wananusa pumzi ya mtu. Basi kibanda kizima kilibana pumzi pamoja naye. Msambaa mmoja aliyeshuka na ndizi kutoka Mpale akaachia kikohozi. Walimshukia kwa maneno! "Umetuua wote, wewe! Rudi mlimani kwako na kifua chako!"

Nacheka nikikumbuka, lakini sikuanza kusimulia ili nicheke.

Siku moja mkata mkonge aliniuliza katikati ya mkanda, "Msemaji, hawa wamefanya nini hata hawalali?" Nikatazama kioo, nikaona mganga anawaongoza porini kwa mstari. Nikasema kwenye maiki: hawa walifia mbali na kwao. Hawakusomewa, hawakuzikwa na ndugu zao, sasa wanarudi nyumbani. Magoti yao yamekufa, hayakunjiki, ndiyo maana wanaruka, na nyumba yenye kizingiti kirefu hawaingii. Mkata mkonge akaitikia kwa kichwa. Nikaona maneno yamekaa vizuri, na tangu hapo kila mkanda wa namna ile niliyasema hayohayo. Sisemi nilikosea. Ilikuwa kazi, na watu waliipenda.

Mke wangu alikaanga mihogo nje, amepakana na ukuta wa mabanzi. Hajawahi kuona mkanda hata mmoja mpaka leo. Alisikia tu, sauti yangu na mafuta yanayochemka.

Baadaye zikaja sidii zilizokwisha kusemewa huko Dar, halafu simu, na kibanda kikageuka duka la viatu vya mtumba. Tukarudi Sindeni. Wajukuu wakanionyesha mizuka ile kwenye simu. "Babu, huyu si kapakwa unga tu?" Ni unga kweli. Hata wakati ule ulionekana, mtu alikuwa hataki kuutazama.

Sasa nifike ninapokwenda. Kitinda mimba wetu alikwenda machimboni, kwenye dhahabu. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa akitoka kuswali. Ijumaa moja akapiga mwenzake. Shimo lilikuwa limetitia, na mwanetu na wenzake wako chini. Mkwe wangu, mume wa binti yetu, alisafiri mpaka huko, akaonyeshwa ardhi iliyosawazishwa na katapila. Wale watu hawakuchimbuliwa. Hapa tulikaa matanga, shekhe akatusalisha kwa maiti asiyekuwepo, watu wakala, wakaondoka.

Watu walipokwisha kuondoka mke wangu akakaa mlangoni. Nyumba yetu ni ya udongo na miti, na ua una mteremko unaokuja mlangoni, kwa hiyo niliweka kizingiti kirefu, gogo zima nililokandika udongo, maji yasiingie. Akawa anakitazama kile.

"Hicho kitoe," akasema.

"Kitoke kiende wapi? Maji yataingia."

"Kitoe. Mtoto hakusomewa kaburini, hakuzikwa na ndugu. Akija atakiruka vipi?"

Nikamwambia, "Mama, yale ni mambo ya mkandani."

"Ulisema mwenyewe. Miaka yote nimekusikia ukisema. Au ulikuwa unawaongopea watu?"

Hebu nisaidie, ungesema nini? Nikisema nilitunga, basi mwanangu nimemfukia mimi zaidi kuliko katapila lilivyomfukia. Nikisema ni kweli, gogo litoke. Yeye kichwa chake ni kizima, anajua bei ya mahindi na siku ya mnada, hajapotea. Ila hilo moja ameling'ang'ania kwa sababu hatukupewa kingine cha kushika. Nikachukua jembe, nikang'oa gogo, nikasawazisha mpaka mlango na ua vikawa kitu kimoja.

Vuli ikaanza. Maji yakaingia kama yamealikwa. Jirani yangu, fundi ujenzi, alipita akaniona nachota tope kwa sufuria. "Mzee, umeanza kufuga vyura?" Akacheka, kisha akatazama ukuta wa mbele, akaacha kucheka. Aliurudia upande huu na upande ule, akaubonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Kesho yake akaja na saruji na matofali. "Sitaki kitu," akasema. "Niwawekee kizingiti tu, na nguzo mbili."

Binti yetu naye alikuja kutoka Misima alikoolewa. "Baba, shikamoo. Hii nyumba itawaangukia. Hamieni kwangu."

"Marahaba. Mwambie mama yako."

Akamwambia. Mama yake alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua uso. "Tukihama, mdogo wako akija amkute nani? Paka?"

Binti akalia. Alinitazama mimi kama mtu mwenye neno la kusema. Nilisema kwa ajili ya watu wote wa Korogwe, siku hiyo nikachukua sufuria nikaendelea kuchota tope. Akaondoka kabla mto wa njiani haujajaa.

Juzi mchana mvua ilipokatika nilikuwa nachota tena. Mke wangu alikuja akasimama karibu.

"Yule mganga," akasema, "huitwa na nani? Au huenda mwenyewe kuwatafuta?"

"Sijui. Mkanda ukianza tayari anawaongoza."

"Na waliofia mahali ambapo mganga hakupita?"

Nikaacha kuchota. Mikanda yote niliyoisemea, hao sikuwahi kuwaona. Hapakuwa na picha ya kutazama, wala midomo ya kufuata. "Wanabaki hukohuko," nikasema. Hilo ndilo neno pekee la mikanda ile ambalo nina hakika nalo.

Akanipokonya sufuria, akaenda kumwaga tope nje, akarudi polepole.

"Hata hivyo usizibe," akasema.

Fundi nilimkatalia, akaondoka na saruji yake. Ukuta wa mbele umeachana na paa, kiganja kinapita. Hautavuka masika, na mke wangu anajua. Tumehamishia kitanda chumba cha nyuma.